Upimaji safi, hesabu ya mahitaji ya kubahatisha: tathmini ya huduma ya usanifu wa laini ya kilovolti 33, tambarare ya Moshi

Huduma tunayoitathmini hapa ni ya kupima njia na kusanifu laini ya umeme wa msongo wa kati. Inatolewa na kampuni yenye ofisi Arusha, ambayo kazi zake nyingi ziko kati ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Jina tunaliacha, maana kasoro zake utazikuta kwa wenzake wengi wa kazi hii, ila ubora wake wa upimaji ni wachache wanaoufikia. Kabrasha tulilolipitia ukurasa kwa ukurasa ni la laini ya kilomita 18. Inachepuka kutoka laini iliyopo jirani na barabara kuu ya Moshi–Himo, inakatiza vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachaga) vya chini, kisha inashuka tambarare upande wa Kahe kwenye vijiji vinavyopanuka kwa sababu ya kilimo cha umwagiliaji. Waliolipia ni kikundi cha wakulima na wenye mashine, wanaotaka kujua wanachokiomba kabla ya kukaa na TANESCO, shirika la umeme.

Hukumu tuitoe mapema ili mwenye haraka asichoke: lipia upimaji bila wasiwasi, kubali usanifu wa nguzo baada ya marekebisho machache, na makadirio ya mahitaji ya umeme yafanye upya wewe mwenyewe. Hapo ndipo kabrasha hili limelegea.

Tuanze na kizuri. Njia imepimwa kwa GPS ya kisasa yenye kituo cha rejea, na kila kona imewekewa bikoni ya zege, namba, na picha mbili: ya kuangalia nyuma na ya kuangalia mbele. Nguzo za katikati zimewekewa vigingi vya mti. Vigingi hivyo havidumu, ng'ombe huving'oa na watoto huokota kuni, lakini bikoni za kona zikiwepo fundi anaweza kuvirudisha vyote kwa siku chache. Mchoro wa mwinuko umechorwa kwa mizani ya 1:2000 kwa urefu na 1:200 kwa kimo, ambayo inatosha kuona hata tuta la mfereji.

Jambo dogo linaloonyesha kwamba hawa watu wanajua kazi: wameandika wazi kwamba namba zote za mahali ziko kwenye WGS84, mfumo wa ramani unaotumiwa na GPS, kanda ya 37 Kusini. Ramani nyingi za zamani za Tanzania ziko kwenye mfumo wa Arc 1960, na ukichanganya mifumo hiyo miwili laini yako inahama kama mita 300 upande wa kaskazini au kusini. Mita 300 tambarare ni shamba la mtu mwingine kabisa. Anayepanga laini upande wa magharibi ya Arusha awe mwangalifu zaidi, kwa sababu kati ya Makuyuni na Mto wa Mbu unavuka nyuzi 36 mashariki, ambapo kanda ya 37 inaisha na ya 36 inaanza. Fundi asiyejua hilo atakuta nusu ya nguzo zake zimeruka kwenye ramani.

Kilomita 4 za juu ndizo ngumu, na ndizo zilizofanywa vizuri kuliko zote. Huko ni vihamba: migomba, mibuni, na juu yake mifuruanje na migrevilea mirefu. Mkuza, yaani ukanda unaoachwa wazi kwa ajili ya laini, kwa kilovolti 33 ni mita 10, yaani 5 kila upande wa mstari wa katikati. Mfuruanje wa mita 20 uliosimama mita 8 kutoka katikati uko nje ya mkuza kisheria, lakini ukianguka kwenye mvua za masika unazoa nyaya zote tatu. Kampuni imeorodhesha miti ya namna hiyo mmoja mmoja, na kimo chake, umbali wake na jina la mwenye kihamba. Kwenye kona ya saba wamepindisha laini kidogo, ikaongezeka nguzo moja na stei (waya za kushikilia nguzo) mbili, ili kukwepa makaburi ya ukoo yaliyo ndani ya kihamba. Gharama hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na mradi kusimama miezi kwa sababu ya shauri la makaburi.

Wamekwepa pia hifadhi ya barabara. Wasanifu wavivu hupenda kupanga nguzo kandokando ya lami kwa sababu pale hakuna wa kulipwa fidia. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na siku TANROADS, wakala wa barabara, wakipanua, wenye nguzo ndio huhamisha. Hapa laini imewekwa nje ya hifadhi hiyo na inatumia barabara za vijiji kama njia ya kufikisha nguzo na winchi. Reli wameivuka kwa pembe inayokaribia 90, spani (nafasi kati ya nguzo na nguzo) fupi, na vikombe (vihami vinavyobeba nyaya) viwili viwili kila upande. Kibali cha TRC, shirika la reli, kiombwe mapema, maana ndicho kitakachochelewa kuliko nguzo zenyewe.

Sasa ardhi. Kilomita 18, mashimo ya kupima udongo matatu tu! Juu kuna udongo mwekundu na mawe ya volkano, chini kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Nguzo ya mita 12 huzikwa mita 1.8 (sehemu ya kumi ya urefu wake, ukiongeza sentimita 60), na kabrasha linasema hivyo kwa nguzo zote. Kwa udongo mwekundu sawa. Kwenye mfinyanzi mweusi nguzo ya namna hiyo huanza kuinama baada ya misimu miwili au mitatu, hasa kwenye mashamba ya mpunga ambako maji hukaa. Inatakiwa shimo lishuke hadi mita 2, nguzo ipangwe mawe makubwa chini na karibu na uso wa ardhi, na katikati zishindiliwe kokoto na changarawe kwa matabaka ya sentimita 20, badala ya kurudisha udongo uleule. Dai mashimo ya majaribio angalau moja kwa kila kilomita tambarare. Ni kazi ya vibarua wawili na sururu.

Hapohapo, masharti ya mkandarasi yamesahau jambo linaloua nguzo nyingi. Fundi akikutana na mwamba, badala ya kuupasua hukata kitako cha nguzo ili iingie kwenye shimo fupi. Dawa ya nguzo hupenya tabaka la nje tu. Ukikata kitako umefungua kiini kisicho na dawa na kukiweka ardhini, mchwa wanakaribishwa mezani. Iandikwe kwenye mkataba: nguzo haikatwi chini kwa sababu yoyote, na iliyokatwa inakataliwa.

Nyaya. Wamechagua ACSR (alumini yenye kiini cha chuma) ya milimita za mraba 50, ile mafundi wanaiita Rabbit, na hatuna ugomvi nao. Tulipiga hesabu kwa mzigo wa kilowati 1,200 mwishoni kabisa mwa laini, power factor (sehemu ya umeme unaovutwa ambayo hufanya kazi kweli) 0.9: mkondo ni ampea 23 hivi, na upotevu wa volti kwa kilomita 18 ni kama volti 510, yaani asilimia 1.5. Mzigo huohuo, waya huohuo, ukiupeleka kwa kilovolti 11 upotevu unakaribia asilimia 14, kwa sababu mkondo unaongezeka mara tatu na volti za kupoteza zimepungua mara tatu. Kwa hiyo anayekushawishi ununue waya wa milimita 100 kwa laini kama hii ya kilovolti 33 anakuuzia alumini. Pesa hiyo iko kwingine, kama tutakavyoona.

Mnepo wa waya, yaani kulegea kwake kati ya nguzo na nguzo, ndio una kasoro. Spani ni mita 110 kwa wastani, na mnepo umehesabiwa kwa waya wenye joto la nyuzi 40. Jua la Kahe peke yake, bila mkondo, linakaribia kuufikisha waya huko. Hesabu ifanywe kwa nyuzi 75. Kwa Rabbit iliyovutwa kwa asilimia 20 ya nguvu yake ya kukatika, spani ya mita 100 ina mnepo wa mita 0.7 kwenye nyuzi 20, lakini kwenye nyuzi 75 unafika kama mita 1.7. Spani ya mita 150 inafika karibu mita 2.9. Nguzo ya mita 12 iliyozikwa mita 2 inabakiza mita 10 juu, kwa hiyo kwenye spani za kawaida kuna nafasi tele. Shida iko kwenye spani mbili ndefu zinazovuka mfereji na barabara ya mashamba, ambako malori hupita yamejaza majani na mabua. Pale tungetumia nguzo za mita 14. Na popote laini inapopakana na mashamba ya miwa, ikumbukwe kwamba miwa huchomwa kabla ya kuvunwa: moshi na moto chini ya nyaya husababisha cheche za kurukaruka kati ya waya na waya, na nguzo za mti huungua kitako. Laini isogezwe pembeni ya shamba.

Tumefika kwenye makadirio ya mahitaji. Kabrasha lina ukurasa mmoja tu wa jambo hili, na ndio ukurasa unaoamua kila kitu kingine. Hesabu yao: kaya 640, wati 300 kila kaya, jumla kilowati 192; ongezeko la asilimia 3 kwa mwaka kwa miaka 10, inakuwa kilowati 258. Basi.

Kwanza, asilimia 3 imetoka wapi? Sensa inaonyesha mkoa wa Arusha ulipanda kutoka watu karibu milioni 1.7 mwaka 2012 hadi zaidi ya milioni 2.3 mwaka 2022, ambayo ni kama asilimia 3.3 kwa mwaka. Kilimanjaro kwa miaka hiyohiyo ilikua kwa kama asilimia 1.3 tu. Ukichukua wastani wa mkoa wowote umekosea kotekote, maana vihamba vya juu vimejaa tangu enzi za mababu na vijana wanashuka tambarare. Takwimu za kutumia ni za kata na kijiji, pamoja na daftari la mtendaji, tena uhesabu mabati mapya kwenye picha za anga za miaka miwili tofauti.

Pili, na hili ndilo zito, mashine hazimo. Kikundi kilicholipia kina wenye mashine! Orodha yao wenyewe inataja mashine 6 za kusaga za kilowati 15, za kukoboa mpunga 4 za kilowati 22, na pampu 12 za kilowati 7.5. Jumla ni kilowati 268 kwenye shafti, yaani nguvu inayotoka kwenye mota. Ukigawanya kwa ufanisi wa 0.88 unapata kama 305 kwenye nyaya. Ukichukulia zinafanya kazi kwa pamoja kwa asilimia 60, ni kilowati 183. Ongeza nusu tu ya kaya zikiwa zimeungwa mwaka wa kwanza, kilowati 96. Umefika 279. Yaani mwaka wa kwanza umepita kile walichokiandika kwa mwaka wa 10. Mtu anaweza kusema mashine husaga mchana na taa huwaka jioni. Kweli, ila msimu wa mavuno ukikolea mashine za mpunga hukoboa hadi usiku, na laini hupimwa kwa siku yake mbaya.

Tulishaona kwamba waya wa kilovolti 33 hautahangaika hata mahitaji yakizidi mara tatu. Kinachoumia ni transfoma na nyaya za msongo mdogo, zile za kutoka transfoma hadi kwa wateja. Wamepanga transfoma 5 za kVA 50 (kVA ni kipimo cha uwezo wa transfoma), kila moja katikati ya kitongoji, kama vile umeme unakwenda kwa watu na si kwa mashine. Sokoni peke yake kuna mashine mbili za kusaga na moja ya kukoboa: kilowati 52 za shafti, ambazo kwa ufanisi huo na power factor 0.85 zinakaribia kVA 70. Transfoma ya 50 imezidiwa kabla ya balbu moja kuwashwa. Mwisho wake unajulikana: fyuzi inakatika kila wiki, mtu anaweka waya mnene mahali pa fyuzi, na mwezi unaofuata transfoma imechemka mafuta. Sokoni iwekwe ya 100 au 200, na isimame mita zisizozidi 100 kutoka mashine zilipo.

Umbali huo si wa mapambo. Chukua kebo ya ABC (nyaya zenye ganda zilizosokotwa pamoja) ya milimita za mraba 50 yenye urefu wa mita 800, kama walivyochora kwa kitongoji cha mwisho. Mzigo wa kilowati 20 uliogawanyika vizuri kwenye njia (fezi) tatu unapoteza kama volti 30 kati ya 400, asilimia 7.5. Hapo mashine imeshashika mwendo. Mota ya kilowati 15 ikiwashwa moja kwa moja huvuta kama mara sita ya mkondo wake, karibu ampea 170, na kwenye kebo hiyo volti hushuka kwa takriban 70, bado hujahesabu transfoma yenyewe. Taa za kitongoji kizima zinafifia, friji zinakoroma, na mota inashindwa kuchukua kasi mpaka inaungua koili. Kanuni ya kufanyia kazi: kebo ya msongo mdogo isizidi mita 500 penye mashine, na mota ya zaidi ya kilowati 7.5 ipewe staa-delta au kiwashio laini, vifaa vinavyoiwasha kwa mkondo mdogo. Ni nafuu kuongeza kilomita moja ya kilovolti 33 na transfoma kuliko kurefusha msongo mdogo.

Kosa la mwisho la upande huu: tawi la kilomita 5 limesanifiwa kwa nyaya mbili, umeme wa njia moja, "kupunguza gharama". Nguzo ni zilezile, mashimo yaleyale, mkuza uleule, usafiri uleule. Unachookoa ni kilomita 5 za waya, ambazo kwa Rabbit ni kilo 1,070 hivi, na vikombe vya mstari mmoja. Unachopoteza ni mashine zote za njia tatu kwenye tawi hilo. Kuongeza waya wa tatu baadaye kunahitaji laini izimwe na pengine krosiamu (mikono ya juu ya nguzo inayobeba vikombe) zibadilishwe. Wekeni nyaya tatu sasa.

Ulinzi wa laini nao umepita haraka mno. Kuna fyuzi za kudondoka pale inapochepuka, na kwisha. Hitilafu nyingi za laini za juu ni za kupita: tawi limegusa, ndege ametua vibaya, radi imepiga pembeni. Rikloza, swichi inayokata umeme kukiwa na hitilafu, ingejirudisha yenyewe ndani ya sekunde chache, lakini fyuzi ikishakatika vijiji vyote vinakaa gizani hadi gari la dharura lifike. Tunashauri rikloza moja kwenye mchepuko na swichi ya kukatia mzigo kwenye kilomita ya 9 hivi, ili mafundi wazime nusu tu. Vizuia radi vimepangwa kwenye kila transfoma, vema, ila michoro inaonyesha waya wa kuunganisha wa mita mbili uliozungushwa. Uwe mfupi na ulionyooka kadiri iwezekanavyo. Ukiwa mrefu, waya huo huongeza volti ya radi inayozifikia koili za transfoma hata kizuizi kikifanya kazi.

Orodha ya vifaa ina sifa moja kubwa: nguzo zimehesabiwa mojamoja kutoka kwenye mchoro, si kwa kugawanya kilomita kwa spani. Lakini waya wa laini kuu umeandikwa kilomita 54 kamili, yaani 18 mara tatu, kana kwamba waya haulegei, haukatwi wala haufungwi kwenye vikombe vya kona. Ongeza asilimia 5, iwe karibu kilomita 57. Nguzo za akiba hakuna hata moja, na safari ya kutoka Iringa au Njombe huwa haimalizi bila kupasua chache.

Nyaraka. Kabrasha halina barua ya TANESCO inayothibitisha kwamba laini inayochepukiwa ina nafasi. Hiyo ndiyo iwe karatasi ya kwanza kabisa, kabla ya kumlipa mpimaji, kwa sababu jibu likiwa kwamba laini ile imejaa, mchepuko unahama na upimaji wote unaanza upya. Mikutano ya vijiji imefanyika lakini mihtasari haijapigwa muhuri na watendaji. Idadi ya mibuni na migomba ipo, ila hesabu ya mpimaji si uthamini: fidia inahitaji mthamini aliyesajiliwa na idhini ya Mthamini Mkuu wa Serikali. Kama wananchi wanatoa njia bure, kama inavyozoeleka kwenye miradi ya REA (wakala wa nishati vijijini), iandikwe kwa majina na sahihi.

Wanatoza kwa kilomita na hudai nusu mbele. Jadilini. Mgawanyo unaokubalika ni asilimia 30 ya kuanza, 40 mchoro wa mwinuko ukishakaguliwa kwa kurudi shambani kwenye pointi chache mlizochagua wenyewe bila kuwaambia, na 30 TANESCO wakishaukubali usanifu. Dai pia data ghafi za GPS na michoro inayoweza kuhaririwa. Hawa wametoa PDF tupu, na mkandarasi atakayekuja atalazimika kuchora upya kila kitu ili asogeze nguzo mbili.

Upimaji: nyota tano. Usanifu wa laini kubwa: tatu na nusu. Makadirio ya mahitaji na msongo mdogo: moja, na hiyo ni kwa sababu namba zimejumlishwa sawasawa.